Ribosomu kwenye foleni: hamira ndani ya peroksaidi

Ukiimwagia hamira haidrojeni peroksaidi, utengenezaji wa protini, kazi ya mashine ndogo za seli ziitwazo ribosomu, unashuka ndani ya dakika chache. Wengi huishia hapo: seli imefunga bomba ili isipoteze nguvu, maana kuunga asidi amino moja tu kunagharimu fosfeti nne hivi zenye nishati kubwa. Ni kweli, ila bomba hili lina koki mbili, na anayeisahau ya pili husoma matokeo yake kinyume.

Koki ya kwanza iko mwanzo wa kazi. Ribosomu haianzi kusoma RNA mjumbe (nakala ya maagizo ya jeni) mpaka iletewe methionini ya kuanzia, asidi amino ya kwanza ya protini, na mbebaji wake ni protini eIF2 iliyoshika GTP, molekuli yenye nishati. Safari ikiisha, eIF2 inabaki na GDP, yaani GTP iliyotumika, na protini nyingine, eIF2B, ndiyo inayoibadilishia. Peroksaidi inaamsha kimeng'enya kiitwacho Gcn2, nacho kinabandika fosfeti kwenye serini ya 51, asidi amino ya nafasi hiyo katika sehemu ya eIF2 iitwayo alfa. Ikishabandikwa, eIF2 inaing'ang'ania eIF2B na haiachii. Kwa kuwa eIF2B ni chache kuliko eIF2, si lazima zote zibandikwe. Sehemu tu inatosha kukwamisha kazi.

Kuna RNA inayonufaika na uhaba huo: ile ya jeni GCN4. Kabla ya ujumbe wake halisi kuna vipande vinne vifupi vya kusomwa, na hivyo ni mtego. Methionini ya kuanzia ikiwa tele, ribosomu iliyosoma kipande cha kwanza hupata nyingine mapema, huanza tena kwenye vipande vinavyofuata, hasa cha nne, kisha hudondoka kabla ya kufika GCN4. Methionini ikichelewa, ribosomu inauruka mtego na kuanzia kwenye GCN4 yenyewe. Kwa hiyo protini hii inaongezeka wakati nyingine zinapungua, na hamira isiyokuwa nayo huivumilia peroksaidi kwa shida.

Koki ya pili iko njiani: ribosomu ambazo tayari zimo kwenye RNA zinapunguza mwendo, na hili hutokea hata kwa hamira isiyo na Gcn2. Hapa ndipo kipimo cha polisomu (RNA moja iliyobeba ribosomu kadhaa) kinapodanganya. Ukiinyima hamira glukosi, ribosomu zinamaliza safari, hakuna mpya zinazoanza, na polisomu zinaporomoka kwenye mteremko wa sukrosi, ambamo huzungushwa ili zitengane kwa uzito (15 hadi 50% unafaa). Kwa peroksaidi, hasa dozi ya 2 mM, polisomu zinabaki nyingi kuliko ungetarajia. Ni kama kupiga picha ya barabara kutoka juu: magari unayaona, lakini picha haisemi kama yanatembea au yamekwama. Kwa hiyo pima pia methionini yenye salfa 35, salfa ya mionzi, inayoingia kwenye protini mpya. Kisha vuna sampuli nyingine bila saikloheksimidi (dawa inayogandisha ribosomu mahali zilipo), ukiipa dakika chache: ribosomu zilizokuwa zinatembea zitashuka, zilizokwama zitabaki.

Sasa dozi, maana huko ndiko majaribio mengi yanakoharibika. Chupa ya 30% ina takriban 9.8 M ikiwa mpya. Iliyofunguliwa zamani usiiamini kwa lebo. Punguza mara 1,000 na usome inavyofyonza mwanga wa 240 nm: kwa kigawo cha 43.6 kwa M kwa sentimita, inapaswa kutoa karibu 0.43. Kisha, kutoka kwenye chupa, tengeneza iliyopunguzwa mara 10. Mikrolita 25 katika mililita 50 za hamira ni karibu 0.5 mM, mikrolita 100 ni karibu 2 mM. Tumia hamira inayokua kwa kasi, kipimo cha uzito wa ukungu wake kwenye mwanga wa 600 nm kikiwa karibu 0.5. Ikiwa nzito zaidi, seli zenyewe zinaimaliza peroksaidi kabla hujaanza kuhesabu dakika, na iliyokwisha kukomaa ni sugu. Chakula kizito kama YPD nacho kinaila, kwa hiyo usilinganishe dozi yake na ya chakula cha viungo vilivyopimwa.

Kuvuna ndiko kosa la kimyakimya. Ukizungusha hamira kwenye sentrifuji kisha ukaiosha kwa maji yasiyo na glukosi, unazizuia ribosomu mpya kuanza kazi wewe mwenyewe, kwa dakika moja au mbili tu, halafu unailaumu peroksaidi. Kwa polisomu, weka saikloheksimidi, mikrogramu 100 kwa mililita, na barafu kabla ya kuzungusha. Kwa kingamwili inayotambua fosfeti ya serini ya 51, ua seli papo hapo kwa TCA (asidi ya trikloroasetiki) ya 10%, au utie sodiamu floraidi kwenye mchanganyiko wa kupasulia seli, la sivyo fosfeti zinabanduliwa ukiwa bado unatafuta pipeti.

Kilinganisho ninachokipenda ni hamira iliyoondolewa GCN2, jeni ya Gcn2, pamoja na ile ambayo serini ya 51 imegeuzwa kuwa alanini. Kinachobaki kikishuka ndani ya hizo mbili kwa sehemu kubwa ni kazi ya koki ya pili.