Mpini wa mpingo kwa wembe wa Sheffield: kabari imegoma mara mbili

Hali ya leo: mpini umeshikizwa kwa muda kwa boliti za milimita 1.6, ribiti (pini za kudumu, zinazopondwa vichwa kwa nyundo) bado.

Wembe ni wa kukunja, wa Sheffield, Uingereza, upana wa bapa milimita 19. Mpini wake wa pembe ulipasuka kwenye tundu la ribiti ya juu, ile ambayo wembe unazungukia. Kichwa cha ribiti kililiwa kwa tupa mpaka kikaisha, ndipo ikasukumwa nje. Ikisukumwa na kichwa chake inapasua pembe, na hata mpini mbovu una kazi: ndio kipimo cha mpya. Makali yalifungwa utepe tangu mwanzo.

Vibao viwili vya mpingo vilikatwa unene wa milimita 3, vikashushwa hadi 2.6. Vilibandikwa pamoja kwa utepe wa pande mbili, vikachongwa na kutobolewa kama kibao kimoja. Tumia keekee ya kusimama. Ya mkononi ikiinama kidogo tu, wembe unalala upande. Barakoa ni lazima, vumbi la mpingo linawasha.

Tundu la shina la wembe, yaani sehemu isiyo na makali inayokaa kati ya vibao, limetanuka kwa kuliwa, kwa hiyo limetiwa kibomba cha shaba njano, kikakatwa sawasawa na unene wa shina.

Kilichokula muda ni kabari ya mkiani, kipande kinachotenganisha vibao viwili upande wa pili wa mpini. Za zamani za Sheffield nyingi ni za madini ya risasi. Hii ni ya pembe. Ya kwanza ilikuwa milimita 2.5 kotekote: vibao vikakaa sambamba, wembe ukacheza. Kabari lazima ipungue kuelekea ndani ili vibao visogeleane, kisha shina livitanue. Mkazo huo ndio unaoshika wembe. Ukizidisha, vibao vinabana bapa katikati. Ya pili ilipungua kutoka 3 hadi 1.5, ila uso mmoja ulilala zaidi na ncha ya bapa ikagusa kibao cha kushoto. Usipinde kibao. Sugua kabari juu ya msasa namba 400 uliolazwa kwenye kioo, mara chache, funga boliti, tazama tena. Sasa bapa limekaa katikati.

Msasa umepita 220, 400, 600, 1000 na 2000, kisha nta. Vanishi ya nini? Mpingo una mafuta yake, na vanishi haiushiki vizuri. Kung'arisha kumalizike kabla ya ribiti, maana washa (vibati vya duara chini ya vichwa vya ribiti) zikishakaa zinazuia mkono.

Ribiti ni waya wa shaba njano wa milimita 1.6, ukibaki milimita 0.8 juu ya washa kila upande. Ukibaki mrefu unapinda ndani ya tundu. Mfupi hautoi kichwa. Nyundo ndogo, kugonga kidogokidogo ukingoni, kugeuza kila baada ya mapigo machache. Pigo zito linavimbisha waya ndani na kupasua mti. Mkiani itaanza. Ya juu itafuata, na nyundo itasimama pale wembe utakapofunguka kwa kidole gumba bila kuanguka wenyewe.