Bastola iliyonikaa mkononi

Mimi hununua machungwa Muheza nikayapeleka Dar es Salaam. Kwa miaka mingi wakulima niliwalipa taslimu, na njia nzima ilijua mama wa machungwa hapiti bila mkoba. Jioni moja pikipiki mbili ziliniandama kutoka Muheza hadi kwenye taa za Pongwe, kisha zikakata kona. Hazikunifanya kitu. Wiki ya pili yake, nyumbani Mwakidila, Tanga, tuliamka tukakuta nondo mbili za dirisha la jikoni zimekatwa kwa msumeno na ya tatu imefika nusu. Baba watoto ni baharia, mwaka unapita tumemwona mara mbili tatu. Nyumba ni mimi, wanangu watatu na mama mkwe.

Nilianza na taa za nje, kitasa cha maana na mbwa. Mbwa alileta zogo lake: mama mkwe alihofia udhu wake, ikabidi tumjengee banda nyuma kabisa ya ua. Bastola ilikuja baadaye, na ndivyo ilivyotakiwa. Mtu mwenye komeo bovu hana haja ya bastola, ana haja ya fundi.

Kibali kilinichosha. Barua ilianzia kwa mwenyekiti wa mtaa, ikapanda kata, ikaenda polisi wilaya, nikahojiwa. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, mwombaji anatakiwa pia awe na cheti cha umahiri, yaani afundishwe kabla ya kumiliki. Katika mahojiano afisa mmoja aliniuliza kwa upole, "Mama, kwa nini usiwalipe kwa simu?" Sikuwa na jibu. Msimu ule ule nikaanza kuwalipa kwa simu, isipokuwa wazee wachache wanaotaka kuzishika noti. Maombi sikuyaondoa, maana nondo zile hazikukatwa njiani.

Mwuzaji wa kwanza alinitazama akasema mwanamke apewe kabastola kadogo ka mfukoni. Nikaenda kumwuliza mzee aliyenifundisha kulenga, mwanajeshi mstaafu. Akacheka. "Mwanangu, kadogo ndiko kanakopiga teke kali." Alinipa kake nikajaribu, nikaamini. Chuma chepesi hakina uzito wa kulimeza teke la risasi, basi lote linakuja kwenye kiganja. Isitoshe slaidi yake, kile chuma cha juu kinachovutwa nyuma ili risasi iingie, ni fupi na springi ni ngumu. Nilihangaika kuikoki hadi kucha ikavunjika.

Akanipa rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka, ya .38, risasi 6. Kwa urahisi haina mpinzani: hakuna slaidi wala magazini, yaani kasha la risasi linaloingia kwenye mpini, risasi ikigoma unavuta tena, inakuja nyingine. Lakini mvuto wake ni mzito, na kila nilipovuta mdomo wa mtutu ulizama chini kushoto. Kwa hatua saba nilikuwa natoboa ukingo wa karatasi. CZ 75 ya Wacheki niliipenda sana machoni, na uzito wake wa karibu kilo moja unatuliza teke. Tabu ni kwamba slaidi yake imekaa ndani ya fremu, sehemu ya kuishika ili uivute ni nyembamba, na kiganja chenye jasho la Tanga kinateleza.

Niliishia kwenye Glock 19. Ni ya risasi za 9mm, magazini yake hubeba risasi 15, na ikiwa tupu ni kama gramu 600. Sikuichukua kwa jina. Niliichukua kwa sababu kidole kilifika kwenye kifyatulio bila kujivuta, na niliikoki mara kumi mfululizo bila kuuma meno. Jambo lililonitia hofu ni kuwa haina kitufe cha usalama cha kufunga kwa kidole gumba. Usalama wake uko ndani na kwenye kifyatulio chenyewe, kwa hiyo chochote kitakachokibonyeza, kiwe kidole au pindo la dera, risasi inatoka. Ndiyo maana haikai kwenye mkoba ikigongana na funguo. Inakaa kwenye ala ngumu inayofunika kifyatulio chote, kiunoni, ndani ya nguo. Nyumbani inalala kwenye kasiki iliyofungwa kwa boliti ukutani, namba ninayo mimi peke yangu.

Kisha ikanikwama. Katika risasi hamsini za kwanza ganda lilinasa mara mbili, limesimama wima kama bomba la moshi. Nilikasirika, nikataka kuirudisha. Mzee hakusema neno. Aliichukua, akapiga magazini nzima bila hitilafu, akanirudishia. "Kifundo chako kimelegea. Slaidi inarudi nyuma, na wewe unarudi nayo." Bastola ya namna hii inahitaji mkono ulioikaza ili slaidi ipate nguvu ya kulitupa ganda. Wiki tatu nilikuwa nabana mpira wa watoto nikiwa jikoni. Sikuibeba mpaka nilipopiga risasi mia mbili bila kukwama, na baadhi zilikuwa zile zile ninazoziweka ndani yake nyumbani, maana zipo bastola zinazokula risasi za mazoezi vizuri na kuzikataa zenye ncha ya shimo. Kwa bei ya risasi, niliumia.

Adui mwingine hapa ni upepo wa bahari. Mwaka wa kwanza niliilaza kwenye ala ya ngozi ndani ya kasiki, nikajiona nadhifu. Ngozi inashika unyevu na jasho. Nilikuta madoa ya kutu. Sasa inalala nje ya ala, imepanguswa kwa mafuta kidogo, pembeni vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Watoto wamekatazwa kuvitupa.

Kazi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa kuichora nyumba kichwani. Risasi ya 9mm haisimamishwi na mlango wa mbao wala ukuta wa jipsamu tuliougawia vyumba. Nikasimama kila pembe ya korido usiku, mikono mitupu, nikijiuliza nyuma ya mtu anayeingia kutoka jikoni kuna nini. Jibu lilikuwa kitanda cha mama mkwe. Siku ya pili nikawaita vijana wawili, tukakihamishia upande wa pili, nyuma ya ukuta wa matofali. Yeye mpaka leo anajua nilimhamisha apate upepo wa dirishani, na kila mgeni akija anamsimulia jinsi mkwewe anavyomjali.