Ampu ya gitaa ya valvu yenye geini kubwa: nilivyoiunda na kuituliza kwa umeme wa Mbeya

Geini, yaani kiasi ampu inavyokuza sauti, peke yake si kazi ngumu. Valvu (taa ya kioo inayokuza sauti) ya 12AX7 ina nusu mbili; nusu moja hukuza sauti mara 50 hadi 60, na ukizipanga nusu tatu kwa foleni tayari una mkwaruzo (sauti iliyopondwa) mwingi kuliko gitaa linavyohitaji. Ampu nzuri ya geini kubwa inatofautiana na ile inayonguruma tu kwa sababu ya mahali besi ilipokatwa kabla ya mkwaruzo kuanza, na kwa jinsi waya zilivyopita ndani ya boksi. Ampu niliyoiunda hapa Mbeya ni ya wati 50: valvu nne za 12AX7 mbele, EL34 mbili (valvu za nguvu zinazosukuma spika) nyuma. Naweka vipimo vyake hapa ili fundi mwingine, awe Mwanjelwa, Iringa au Makambako, asianzie gizani.

Kabla ya yote: ndani kuna volti 450 za DC, na kapasita zinazihifadhi hata plagi ikiwa imechomolewa. Nina rezista ya 10k (ohm elfu kumi) ya wati 10 niliyoifunga kwenye waya mbili zenye vibanio. Kibanio kimoja kwenye chasisi (boksi la bati la ampu), kingine kwenye chanya ya kapasita kubwa ya kwanza, nasubiri sekunde kumi, kisha napima kwa mita. Chini ya volti 10 ndipo naingiza mkono. Hatua hii siiruki hata kama nabadilisha rezista moja tu.

Transfoma ya umeme ni ya 230V. Upande wa pili ina volti 330 za AC, ambazo zikipita kwenye daraja la dayodi nne za 1N4007 na kapasita ya 50 µF ya volti 500 zinatoa karibu 450 za DC ampu ikiwa na mzigo. Waya wa hita, zinazopasha valvu moto, ni wa volti 6.3, na hapo usibane matumizi: kila EL34 inakula ampea 1.5, kila 12AX7 ampea 0.3, jumla 4.2, kwa hiyo nataka waya unaohimili ampea 5 au zaidi. Transfoma ya sauti, iliyo kati ya EL34 na spika, ni ya 3.4k kwa EL34 mbili, yenye matokeo ya ohm 4, 8 na 16. Hizi transfoma mbili niliziagiza nje. Chasisi ni bati la alumini la milimita 2 lililokunjwa na fundi wa hapa hapa, na ubao wa vipuri ni faiba ya milimita 3 yenye vijiti vya shaba.

Sasa mlio wenyewe. Ukisikiliza ampu zilizojenga jina la geini kubwa, tofauti kubwa utaikuta kwenye rezista moja: ile ya katodi (ncha ya valvu inayotoa elektroni) katika hatua inayoitwa baridi, ambayo kwangu ni ya tatu; kila nusu ya valvu kwenye foleni ni hatua moja. Marshall 2203 ya mfululizo wa JCM800, ulioanza 1981, ina 10k hapo. Soldano SLO-100 ya 1987 ina 39k, na Dual Rectifier ya Mesa/Boogie ilifuata njia hiyo hiyo. Rezista ikiwa kubwa, valvu inakaa karibu na kuzimika, hivyo upande mmoja wa wimbi unakatwa mapema kuliko mwingine. Kwa 10k mkwaruzo una pumzi: ukipiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya nyuzi tano bado unasikia kila uzi. Kwa 39k sauti inabanwa, inakuwa na makali, na mapigo ya kuziba nyuzi kwa kiganja yanatoka kama rungu, lakini kodi pana zinachanganyika. Mimi napenda 10k. Kumbi zetu nyingi na makanisa yana kuta za saruji na paa la bati, sauti inarudi kutoka kila upande, na mkwaruzo uliobanwa sana humo ndani unageuka kelele tupu.

Kwa anayetaka zote mbili, usikate katodi kwa swichi, maana kila ukigeuza spika italia kwa kishindo. Acha 39k ifungwe moja kwa moja, halafu swichi iongeze 15k sambamba nayo. Zikiwa pamoja zinakuwa 10.8k, na katodi haibaki wazi hata mara moja.

Kukata besi ndiko wengi wanakokosea. Uzi mnene wa E una Hz 82, ukiushusha hadi D ni Hz 73. Besi hiyo ikiingia nzima kwenye hatua ya tatu, inaijaza valvu na kufunika kila kitu kilichoko juu. Kwenye hatua ya kwanza naweka katodi ya 2.7k na kapasita ya 0.68 µF, ambayo inaanza kupunguza nguvu chini ya Hz 200 hivi. Ukiweka 22 µF, kama kwenye ampu za sauti safi, besi yote inapita na mlio unakuwa uji. Kapasita inayotoka pleti (ncha ya valvu inayotoa sauti iliyokuzwa) ya kwanza kwenda kwenye kitasa cha geini cha 1M (ohm milioni moja) ni ya 2.2 nF, si 22 nF. Hesabu yake: 2.2 nF na 1M zinakata kuanzia Hz 72 kushuka. 1 nF ingekata kuanzia Hz 159, na hapo gitaa linakuwa jembamba mno.

Kapasita ndogo ina faida ya pili ambayo kwangu ni kubwa kuliko ya kwanza. Gridi (ncha ya valvu inayopokea sauti) ikisukumwa hadi chanya, inavuta mkondo na kuichaji kapasita iliyo mbele yake, na valvu inabaki imezibwa mpaka chaji hiyo iishe. Kwa 22 nF na 1M muda wa kuisha ni milisekunde 22, kwa 2.2 nF ni 2.2 tu. Ule ugonjwa wa noti kumezwa mara baada ya kupiga kwa nguvu, halafu kurudi ikiwa imechelewa, mara nyingi unatoka hapo. Dawa yake nyingine ni rezista ya 220k au 470k kwenye gridi ya hatua baridi, ikae kwenye soketi yenyewe.

Kati ya hatua namwaga sauti. Baada ya hatua ya pili nina 470k ikifuatiwa na 220k kwenda graundi (sehemu ya volti sifuri), hivyo theluthi moja tu ndiyo inayoendelea. Baada ya hatua baridi ni 470k na 470k, yaani nusu. Mtu anaweza kuona ni hasara kukuza kisha kumwaga, lakini bila kumwaga hatua ya nne inapokea wimbi lililokwisha kupondwa na linapondwa tena, ladha ya gitaa inapotea, mluzi unaanza. Besi inarudishwa baadaye kwenye vitasa vya toni vilivyo baada ya mkwaruzo wote: 33k, 470 pF kwa trebo, 22 nF mbili kwa besi na kati. Pale unaweza kuongeza besi utakavyo na haitachafua chochote.

Nusu ya 12AX7 inayobaki bila kazi, funga gridi yake kwenye graundi. Ikiachwa hewani inaokota kelele.

Kuhusu waya, nitakaa hapa kidogo, kwa sababu mchoro ule ule mikononi mwa mafundi wawili unatoa ampu mbili tofauti kabisa. Waya za hita zisokotwe kwa kubana na zipite kwenye kona ya chasisi, mbali na gridi. Kwenye 12AX7 pini 4 na 5 zinaunganishwa upande mmoja, pini 9 upande wa pili. Rezista mbili za 100 ohm kutoka kila upande wa hita zinakutana sehemu moja, na sehemu hiyo siipeleki graundi moja kwa moja: naipa volti 40 hivi za DC kutoka kigawanyi kwenye volti kubwa. Hapo mngurumo wa hita kwenye hatua ya kwanza unashuka sana. Waya wa jeki ya gitaa hadi gridi ya kwanza uwe na wavu wa kukinga, na wavu uunganishwe graundi ncha moja tu, upande wa jeki. Rezista ya 68k ya gridi ichomelewe kwa risasi juu ya pini 2 ya soketi, isiwe nyuma kwenye ubao. Waya za pleti na za gridi zisilale pamoja. Zikilazimika kukutana, zikatane kwa pembe mraba.

Kabla ya kutoboa matundu ya transfoma ya sauti, fanya jaribio hili. Weka transfoma ya umeme mahali pake, ziba kwa tepu ncha zote za volti kubwa, iwashe ikiwa peke yake. Unganisha hedifoni kwenye matokeo ya transfoma ya sauti isiyounganishwa na kitu kingine chochote, kisha izungushe taratibu. Utasikia mngurumo ukiongezeka na kupungua. Pale unapotoweka ndipo pa kutoboa. Mara nyingi ni pembe mraba na transfoma ya umeme, lakini sikio ndilo linalosema mwisho.

Kuwasha mara ya kwanza nafanya kupitia balbu ya waya ya wati 100 iliyofungwa kwa foleni na ampu. Balbu za LED hazifai. Za waya bado zinapatikana maduka ya pembejeo, kwa sababu wafugaji wanazitumia kuwapa vifaranga joto. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti, zima. Ikiwaka kisha ikafifia, endelea. Kwanza bila valvu yoyote: pima hita, pima volti kubwa, kisha pima pini 5 (gridi) ya kila soketi ya EL34, ambako lazima kuwe na volti hasi, nami naanza na hasi 50. Bila volti hiyo EL34 zitawaka nyekundu na kuharibika, kwa hiyo hazikai kwenye soketi mpaka niione kwenye mita. Spika iwe imeunganishwa kabla EL34 hazijawekwa. Ampu ya valvu bila mzigo inaweza kuchoma transfoma ya sauti. Ikipiga ukelele mara tu inapopata moto, waya mbili za pleti zinazotoka kwenye transfoma ya sauti zimepishana na fidibeki hasi (sauti inayorudishwa nyuma ili kuituliza ampu) imegeuka chanya. Zibadilishane pini 3 (pleti) za soketi mbili.

Biasi (mkondo wa EL34 bila sauti kupita) napima kwa rezista ya 1 ohm kati ya pini 8 (katodi) na graundi, pini 1 ikiwa imeunganishwa na 8. Milivolti moja ni miliampea moja. Pleti ya EL34 inahimili wati 25. Asilimia 70 kwa volti 450 ni karibu miliampea 39, nami naweka 35. Sababu ni umeme. Jioni watu wakipika, volti zinaweza kushuka; usiku wa manane zinapanda. Biasi niipimayo jioni umeme ukiwa mdogo itakuwa kubwa mno usiku, kwa hiyo napima wakati mita inaonyesha 230 au zaidi. Umeme ukishuka hadi 195, hita zinapata 5.3 badala ya 6.3, chini ya kiwango cha 5.7 zinachovumilia, na volti za pleti zinaporomoka hadi 380 hivi. Mlio unalegea, besi inapoteza ngumi, na katodi zinazeeka mapema. Stebilaiza ya 1000VA inatosha ampu ya wati 50. Ile ya mota ni tulivu kuliko ya relei, ambayo kila ikiruka unaisikia.

Mwenye ampu ya Marekani ya 120V ahitaji transfoma ya kushusha, na akumbuke kuwa ilipangwa kwa Hz 60. Kwa Hz 50 zetu transfoma yake inapata joto zaidi, hivyo asiifunike. Hewa nayo: Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na haipozi sana. EL34 zangu ziko sentimita 7 kutoka katikati hadi katikati, na juu yake kuna wavu, si mbao.

Spika ni Celestion Vintage 30 mbili za 16 ohm, sambamba zinatoa 8. Boksi limefungwa nyuma, plaiwudi ya milimita 18, fremu ya ndani ya paini kutoka Mufindi iliyokaushwa vizuri. Usijaribu mlio huu kwenye spika ya muziki yenye twita (spika ndogo ya sauti kali). Spika ya gitaa inashuka haraka kuanzia kHz 5 hivi, na huko juu ndiko kunakokaa ule ukali wa nyuki wa mkwaruzo. Kwa sababu hiyo hiyo siipeleki laini moja kwa moja kwenye miksa kanisani. Naweka maikrofoni ya SM57 sentimita 4 mbele ya spika, pembeni kidogo ya kikombe cha katikati.

Ampu ikipanda gari kwenda Makete au Njombe miezi ya Juni na Julai, EL34 nazitoa na kuzifunga kwa sponji, maana barabara inatikisa na nyaya za ndani ya valvu ni nyembamba. Ikitoka kwenye baridi na kuingia ukumbi uliojaa watu, inapata umande ndani, hivyo inakaa nusu saa ikiwa wazi nyuma kabla ya kupewa umeme. Valvu zikirudi kwenye soketi napima upya biasi ya zote mbili. Zikitofautiana zaidi ya miliampea 5 transfoma ya sauti inapoteza mizani na mngurumo unarudi, na hapo nahitaji jozi nyingine iliyolinganishwa.