Azimio la kazi lililochelewa

Mwaka 2023 nilikuwa nafundisha Kiswahili katika sekondari moja jijini Arua, Uganda. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, ulikuwa umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili, kwa hiyo darasa lilijaa hadi dirishani. Mkuu wa taaluma alitaka azimio la kazi, yaani mpango wa masomo ya muhula, mezani kwake kabla kidato cha kwanza hakijaripoti. Wenzangu walichukua la mwaka uliopita, wakabadilisha tarehe. Siwalaumu, muhula ni mfupi na makaratasi hayaishi.

"Mwalimu, la kwako liko wapi?"

"Linakuja, mkuu. Ngoja kwanza niwaone watoto."

"Watoto ni walewale kila mwaka."

Walipokuja nikageuza darasa kuwa soko. Madaftari yakawa mafungu ya nyanya, vipande vya karatasi vikawa noti. Nikakaa nyuma, nikaandika kila nilichosikia bila kumsahihisha mtu.

Kijana aliyekulia Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, aliuza kama aliyezaliwa chini ya meza ya sokoni: "Kuya mama, nyanya iko ya leo, fungu elfu moja!" Walugbara wa mjini wakamjibu papo hapo kwa Kiswahili cha stendi, wakapunguziana bei, wakatukanana kidogo pia. Msichana kutoka Masaka alisimama ameshika noti yake. Alipojikaza akasema, "Habali ya asubuhi," darasa zima likacheka, naye akakaa.

Kisha nikaandika ubaoni: Kitabu kimeanguka, vitabu vimeanguka. Nikawapa kisu, kikombe na kiti wafanye hivyohivyo. Hapo mizani ikapinduka. Muuza nyanya aliniletea "kikombe mingi imeanguka." Yule msichana alimaliza wa kwanza, bila kosa. Kwao, kwa Kiganda, ni ekitabo na ebitabo. Ngeli ameziishi tangu utotoni, hata kama hajawahi kusikia zikiitwa hivyo. Kilugbara si lugha ya Kibantu, na Mlugbara anayezungumza Kiswahili kutwa sokoni anaweza kufika darasani bila kuona sababu ya kiambishi kubadilika.

Nilirudi nyumbani nikaandika azimio. Mada zilibaki zilezile za mtaala, ila safu ya shughuli za wanafunzi niliigawa mbili kwa rula. Nusu ya kwanza ya kipindi ni mazungumzo, waongeaji wakiwavuta wanyamavu wawili wawili. Nusu ya pili ni kuandika, na hapo anayevuta ni mwingine. Nikatenga pia dakika chache za l na r, lakini wiki ya tatu, kicheko kikishapoa.

Mkuu alilitazama sana. "Fomu haina safu hiyo."

"Ndiyo maana nimeichora, mkuu."

Akatia saini, akauliza kama naweza kumwazima daftari la soko mwalimu wa kidato cha pili. Nilimwambia halitamfaa, awafanyie soko lao.

Mpango wenyewe haukuwatosha wote. Wanafunzi wa Sudan Kusini hawakukaa sawasawa upande wowote: hawakuwa na Kiswahili cha soko wala ngeli za nyumbani. Hao niliwapangia vipindi vya jioni, baada ya kuwasikiliza upya peke yao.