Panetar ya Mjomba

Kwa Kigujarati, mjomba anaitwa mama. Watoto wa jirani yetu pale Mji wa Kale, Mombasa, walimwita baba yangu mama, na waliocheka walikuwa wapita njia tu. Mama yao hakujaliwa kaka. Kila Agosti, siku ya Raksha Bandhan, sikukuu ya Kihindu ambayo dada humfunga kaka uzi, alivuka uchochoro akamfunga baba uzi mkononi, naye baba akampa pesa kidogo na tende. Undugu wao ulikuwa uzi huo. Mimi nilimwita foi, yaani shangazi.

Mwaka 1996 binti yake mkubwa akaposwa. Foi akaja kwetu, akakaa ukingoni mwa kiti, chai hakuigusa. Desturi yao, mjomba ndiye anayeleta panetar, sari nyeupe yenye pindo jekundu ambayo bi harusi huolewa nayo, pamoja na bangili na zawadi nyingine. Shughuli hiyo huitwa mosalu. Sasa mosalu bila mjomba, wakwe wakitazama? Hakumaliza kusema. Baba akamwambia, "Dada yangu, hilo si la kuniomba."

Tukaenda Mtaa wa Biashara. Baba alitishwa na ule weupe, maana aliwajua wajane wa Kihindu na nguo zao nyeupe. Mwenye duka akamtuliza: pindo jekundu ndilo linaloitenga panetar na msiba, na zaidi ya hayo, bi harusi atafunikwa gharcholu jekundu kutoka kwa wakwe. Anaingia na nguo ya kwao, anatoka na ya mumewe juu yake.

Kisha akatoa hariri ya Jamnagar, India, pindo lake limejikunyata, bado limejaa vifundo vya uzi vilivyofungwa kwa mkono kabla ya kutiwa rangi. Bandhani, yaani kitambaa cha vifundo kama hicho, huuzwa hivyo ili mnunuzi ajionee mwenyewe kwamba si ya kuchapwa. Akanipa ncha moja, akashika nyingine. "Vuta, beti," yaani binti. Nyuzi zikafyatuka zikilia kama bisi chunguni. Kila kifundo kiliacha kitone cheupe, na kila kitone kinundu kidogo. Nilipitisha kiganja, nikahisi ngozi ya mtu aliyesisimkwa.

Siku ya mosalu baba alivaa kanzu na kofia ya vito, akabeba sinia mwenyewe. Foi alimngoja mlangoni na kumkumu, unga mwekundu, kidoleni, kwa kuwa mjomba hupakwa chandlo, alama ya unga huo, kwenye paji la uso. Mkono ukasita. Ukumbi mzima ukanyamaza. Kisha akaushusha, akaipaka nazi iliyokuwa katikati ya sinia, macho yake yakiwa kwa baba. Sijaona adabu iliyoipita ile.

Kesho yake, maharaj, kuhani wao, alipoita bi harusi aletwe, baba ndiye aliyemshika mkono hadi mandapani, kwenye kibanda cha ndoa. Pazia, moto, mizunguko minne, mengi nimeyasahau. Nakumbuka gharcholu la miraba 52 likishuka mabegani mwake, na weupe wa panetar ukibaki magotini tu.

Sasa bi harusi yule anaishi Leicester, Uingereza. Baba yangu alipofariki, yeye alipiga simu akilia "mama, mama," mwanangu akadhani amefiwa na mzazi wake. Panetar anayo kabatini. Hajaipiga pasi hata mara moja, maana pasi huvilaza vile vinundu.