Kuku alikuwa anajua kazi yake, mimi ndo nilikuwa naharibu

Nianze na hasira kabisa. Kwenye hii habari ya kuku kuatamia nimepewa ushauri wa ovyo kuliko jambo lolote maishani mwangu, na nusu ya walionishauri hata kuku hawana.

Kuku mwenyewe namwita Madoa. Siku moja naenda kuokota mayai nakuta kajibandika kwenye kiota hatoki, kajitandaza kama mto uliokaliwa, ukimsogezea mkono anatutumua manyoya na kuunguruma, ndio, kuku anaunguruma, halafu anadonoa kweli kweli. Kifuani kajinyonyoa manyoya mpaka ngozi inaonekana. Nikajua huyu mgonjwa huyu, nampoteza. Kumbe hata ile ya kujinyonyoa ana akili zake, ngozi tupu ndo inapeleka joto kwenye mayai.

Mjomba akasema haumwi huyo, anataka kuatamia, mtumbukize kwenye ndoo ya maji baridi mara tatu ataacha. Mimi nae nikatii. Nikamtumbukiza, akatoka analowa tepetepe, akajikung'uta, akanitazama, akarudi moja kwa moja kiotani akalala na maji yake. Kesho yake tena. Siku ya tatu nikaacha sababu kati yetu wawili aliyekuwa analowa zaidi ni mimi.

Basi nikasema acha aangue, kwani shida nini. Nikamuwekea mayai 9 palepale alipo, kwenye kiota ambacho kila kuku bandani anatagia. Hili kosa mtu hakunionya hata mmoja, wote walikuwa bize na ndoo ya maji. Nakuja kuhesabu baada ya siku kumi nakuta mayai 17! Wenzie walikuwa wanampanda mgongoni wanataga wanaondoka zao, na yeye anakusanya tu kila kinachokuja. Sasa kuku mmoja hawezi kufunika mayai 17, na kibaya zaidi kuku huwa anayageuza na kuyahamisha, la pembeni analipeleka katikati na la katikati linaenda pembeni, kwa hiyo sio kwamba yalipoa manane ya mwisho, yote yalipokezana kupoa. Mengine yakapasuka, yakanuka hatari. Na hata ambayo yalikuwa mazima yalikuwa na umri tofauti, la leo, la juzi, la wiki iliyopita. Siku ya 21 vikatoka vifaranga viwili, kesho yake kimoja, halafu siku ya 23 mama akanyanyuka akaondoka na watoto wake watatu akayaacha mengine yamebaki baridi. Nilipasua moja kuangalia. Bora nisingepasua.

Shemeji yangu alicheka sana. Yeye ni mtu wa mashine. Kila ukiongea kuku anakwambia mashine ya kutotolesha, unaweka mayai 30, unalala, unaamka una vifaranga. Sawa bwana.

Miezi imepita, Madoa akapandwa tena na ile hali. Safari hii nikajipanga. Kwanza nikamtenga, na hapa ndo palinitesa, maana nilimhamisha mchana kweupe kama zuzu nikamuweka kwenye boksi zuri la mbao lina maranda mapya, nafunga mlango nageuka, nikifungua tu anachomoka mbio anarudi kiota cha zamani analala juu ya sakafu tupu. Mara nne. Kwake yeye kilichomshika ni pale mahali, mayai ni ziada.

Ujanja nilioutumia naujivunia mpaka leo. Nilichukua boksi, chini nikamwaga udongo kidogo nikaufinyanga uwe kama bakuli ili mayai yasitawanyike, juu maranda. Nikatafuta mawe laini matano ya ukubwa wa yai nikayapanga humo. Nikasubiri giza liingie haswa, nikafunga tochi kwa kitambaa chekundu mwanga ubaki hafifu, nikaingia bandani nanyata kama mwizi kwenye nyumba yangu mwenyewe. Kuku usiku anakuwa kama kapigwa sindano ya usingizi. Nikapitisha mikono chini yake, mabawa nimeyabana, nikambeba, nikamshusha taratibu juu ya mawe na kufunika boksi na gunia. Asubuhi nafungua moyo unadunda, nakuta kalala juu ya mawe yake ananiunguruma. Sijawahi kufurahi kutishiwa namna ile.

Siku mbili nikamuacha na mawe ili nihakikishe hajabadili mawazo. Usiku wa tatu nikatoa mawe nikaingiza mayai 11, yote kwa mpigo. Hayo nilikuwa nimeyakusanya ndani ya siku sita, sehemu yenye ubaridi wa kawaida, ncha chini, bila kuosha maana ukiosha unaondoa ule utando unaozuia uchafu kuingia. Nikachora alama kwa penseli, ili akija mdaku kutaga nijue lipi la mgeni. Na kabla ya yote nilimpaka dawa ya utitiri, hilo usiruke, kuku anayekaa wiki tatu hasogei ni sherehe ya wadudu, nimesikia kuku wa watu wamekimbia mayai kwa ajili ya kuwashwa tu.

Baada ya hapo ilibidi nijifunze kutulia na sikuweza. Anatoka mara moja kwa siku, dakika 15 au 20 hivi, anakula, anakunywa, anajigaragaza vumbini, na anashusha bonge la kinyesi ambalo harufu yake sitaki kukumbuka. Mimi nikawa nadhani mayai yanapoa, namswaga arudi. Nikimswaga anakasirika anakimbilia mbali anachelewa zaidi. Siku moja upepo ukafunga kimlango akakaa nje karibu saa zima, nilishasema basi yameisha, na wala, yai linavumilia kupoa kwa muda huo.

Siku ya nane usiku nikayapima kwa tochi ya simu, nimeziba kwa kile kigogo cha kadibodi cha karatasi ya chooni ili mwanga upite kwenye yai tu. Lenye uhai unaona mishipa imetanda kama buibui na kidoa katikati. Mawili yalikuwa meupe pee nikayatoa, moja sikulielewa nikaliacha. Yakabaki tisa. Kuanzia siku ya 18 nikajipiga marufuku kugusa.

Jioni ya siku ya 20 nasikia piu piu, nikajua kuna kifaranga katoka, kumbe wanalia wakiwa ndani ya yai na mama anawajibu kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilikaa pale na tochi kama niko lebani mimi. Na ndo hapo nikafanya ujinga wangu wa mwisho. Kuna yai lilitoboka kitundu asubuhi, mpaka jioni limeganda hapohapo. Nikampigia mtu, akasema msaidie, menya taratibu. Nikamenya. Damu. Mishipa ya ndani ya ganda ilikuwa bado haijakauka na kiini hakijaisha kuingia tumboni. Asubuhi kilikuwa kimekufa, na wenzie waliotoboa saa zilezile wametoka wenyewe wazima, mwingine alichukua karibu siku nzima toka kutoboa mpaka kutoka. Lile nisilolielewa likawa viza. Nikabaki na saba.

Sasa turudi kwa shemeji. Wiki ileile niliyoweka mayai na yeye aliweka 30 kwenye mashine ili tushindane, alisema hivyo mwenyewe mbele ya watu. Umeme ukamkatikia mara mbili usiku akiwa amelala. Akapata vitatu. Vitatu! Na taa ya kuvipa joto nayo ikaungua, akanipigia simu sauti imeshuka kabisa, kaka hivi Madoa anaweza kupokea wageni. Nikamwambia lete usiku, na uje kimya. Vilikuwa vimepishana siku moja tu na vya kwangu. Tukaviingiza kimoja kimoja chini ya bawa, tukatoa mkono, kuku akasogea kidogo akatulia. Asubuhi ana kumi na wala hakuhesabu. Ila ungengoja wiki mbili sidhani angewapokea, wakishazoeana mgeni anadonolewa.

Kuhusu kulisha wengi wanakurupuka. Siku mbili za mwanzo kifaranga anaishi kwa kile kiini alichokimeza, na mama anakaa kungoja wa mwisho, usimtoe. Akitoka wape wote chakula cha vifaranga, mama nae ale hichohicho, cha kuku wanaotaga kina chokaa nyingi kinaumiza figo za vifaranga. Maji weka kwenye sahani fupi na utie vijiwe, mimi kimoja nilikiokota kinaelea nikakikausha kifuani kwangu, kikapona. Chanjo pia usiache eti sababu mama yupo, mama hazuii kideri. Mfuko wangu haukuumia, boksi lilikuwepo na mawe ya bure, nilichonunua cha maana ni chakula, na taa sikuwasha hata siku moja, mama ndo taa.

Halafu ulinzi! Paka alijisogeza siku ya tano hivi, anajifanya anapita tu. Madoa alijivimbisha akawa saizi mbili, akaruka na miguu mbele, paka akapanda ukuta na hadi leo akipita pale anazunguka kwa nyuma. Na mwewe akipita juu Madoa anatoa mlio mmoja tu, vyote kumi vinapotea chini yake unabaki unaona kuku mwenye miguu 22.

Wiki ya saba ghafla akawachoka. Jioni akaruka akaenda kulala juu kwenye fito na wenzie, vifaranga vikabaki chini vinalia, na kikimsogelea anakidonoa. Usiku ule mimi sikulala vizuri, yeye alilala fofofo. Siku chache baadae akaanza kutaga.

Juzi nimemkuta kwenye boksi lilelile kajitandaza, ananiunguruma, chini yake hamna yai, kuna jiwe moja nililosahau kutoa. Sijamwambia mtu, lakini sijui nani kavujisha maana jana shemeji kapiga simu anauliza kama Madoa ana nafasi, yeye ana mayai manane yamekaa tu, na mashine anaiuza.