Mtoto wa meza anapumua: ninavyotengeneza katuni ya sekunde 90 peke yangu

Droo kwa Kiswahili ni mtoto wa meza. Mawazo ya katuni zangu mengi nayaokota humo humo kwenye lugha: mtoto wa jicho, kichwa cha treni, kifungua kinywa. Nalichukua neno kama lilivyo, nalichora. Mteja anaingia dukani, anaomba sukari nusu kilo, muuzaji anavuta mtoto wa meza atoe chenji, na mtoto wa meza anapumua.

Basi, hapo hapo naacha kuongeza. Kitu kimoja kiende kombo, vingine vyote vibaki kama vilivyo mtaani: mizani ileile, daftari la mikopo palepale, na hakuna anayeshtuka. Ukitia na ndoo yenye macho na paka anayeongea, mtazamaji anaacha kutafuta maana, anaona umechora ovyo. Zimwi la kwenye ngano linatisha kwa sababu linakuja kuposa kwa adabu zote, na mahari linatoa.

Fremu ni picha moja ya video. Sekunde 90 kwa fremu 24 kila sekunde ni fremu 2,160. Kila mchoro naushikilia fremu 2, inabaki michoro 1,080. Mtu akiwa amesimama anasikiliza, nachora kope na mdomo tu. Kitendo kinachojirudia nakichora mara moja. Mwishowe kazi nzima huwa na michoro 250 hadi 350. Uchache huo unasaidia: mhusika asiyetikisika kwa sekunde 3 anatia wasiwasi kuliko anayerukaruka.

Sauti inatangulia, kwa sababu ndiyo inayopanga urefu wa kila kitendo. Narekodi mbele ya kabati la nguo lililo wazi, blanketi mgongoni, feni na jokofu vimezimwa. Maikrofoni inakaa sentimita 15 hivi, pembeni kidogo ya mdomo, la sivyo kila p na b inapiga kishindo. Kasi ya kupima sauti nachagua 48 kHz tangu mwanzo, na pale sauti inapopanda zaidi isivuke -6 dB, isije ikapasuka. Kabla ya kuzima narekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba. Ukimya huo nautandaza chini ya katuni yote. Bila huo, kila mhusika akinyamaza sauti inakatika kabisa, na mtazamaji anadhani spika imekufa.

Pumzi ya mtoto wa meza ni pumzi yangu ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ilikuwa sekunde 1.1. Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, niliishusha mwendo hadi asilimia 70: ikawa nzito kwa takriban nusutoni 6 (nusutoni ni hatua ndogo kabisa kati ya noti za kinanda), na urefu ukafika sekunde 1.57, yaani fremu 38. Kuna chaguo jingine la kushusha sauti bila kugusa mwendo, lakini kwa pumzi linaacha mlio wa bati. Kisha nikagawa fremu hizo 38: kuvuta pumzi michoro 5, kutoa michoro 9, na mapumziko ya fremu 10 kwenye mchoro mmoja. Kuvuta na kutoa vikilingana, unapata pampu ya baiskeli, si kiumbe.

Midomo ndiyo inayowashinda wengi, na sababu ni kwamba chati za maumbo ya midomo zinazosambaa zimetengenezwa kwa ajili ya Kiingereza. Kwa Kiswahili midomo 7 inatosha: uliofungwa (m, b, p), meno juu ya mdomo wa chini (f, v), a, e pamoja na i, o, u pamoja na w, na ulimi unaoonekana (th, dh, l). Herufi kama k, t, n na s sizichorei mdomo wake. Zinaazima wa irabu inayofuata. Mdomo unabadilika fremu 1 au 2 kabla ya sauti. Ukichelewa hata fremu 2, macho yanakataa.

Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo hapo ndipo mdomo unapanuka zaidi: su-KA-ri. Mtego uko kwenye maneno kama mtu na mbwa, ambayo mkazo unaangukia m yenyewe. Mdomo umefungwa na huwezi kuupanua. Naufunga kwa fremu 4 au 5, mkazo naubebesha nyusi au kidevu, ndipo unafunguka kwa irabu.

Nachora kwa Krita, programu ya kuchorea, turubai pikseli 1920 × 1080. Mchoro mmoja wa ukubwa huo ukiwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta ni kama MB 8.3, michoro 300 inafika GB 2.5, na hiyo ni leya moja, yaani tabaka moja la mchoro. Laptopu ya GB 8 haiwezi kubeba katuni nzima yenye leya tano. Kila onyesho nalipa faili lake, lisizidi sekunde 10, na mandhari ya nyuma naibana iwe leya moja.

Nikimaliza sitoi video moja kwa moja. Natoa picha za PNG zenye namba. Programu ikizimika kwenye fremu ya 1,400, naendelea na ya 1,401. Video ikikatikia katikati, unaanza upya. Kuziunganisha ziwe video natumia ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa amri za kuandika, nayo ina mtego wake: usipoitajia kasi ya picha, inachukua 25 kwa sekunde. Fremu 2,160 zinaisha kwenye sekunde 86.4, sauti inaisha kwenye 90, na midomo inaanza kutangulia tangu sekunde za mwanzo. Kasi itajwe kabla ya jina la faili za kuingiza. Mfumo wa kuhifadhi rangi uwe yuv420p, maana simu nyingi zinakataa yuv444. Kwa mfumo huo rangi inahifadhiwa kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, ndiyo maana mstari mwekundu mwembamba unachakaa. Mistari myekundu naichora pikseli 4 au zaidi.

Kwenye YouTube, swali la kama video ni ya watoto najibu hapana kila mara, kwa katuni za namna hii. Ikihesabiwa ya watoto, maoni yanafungwa na matangazo yanayolenga mtazamaji yanazimwa. Pesa nako usiharakie: masharti ya kugawana mapato kamili ya matangazo ni wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Kwa video za sekunde 90, hiyo ni mara 160,000 za kutazamwa hadi mwisho.

Halafu kuna kabati la kumbukumbu. Kizazi cha Flash, programu ya zamani ya katuni za mtandaoni, akina David Firth wa Uingereza, kilitoa katuni kwa faili za SWF, zilizochezwa na Flash Player. Adobe ikaacha kuihudumia Flash Player tarehe 31 Desemba 2020, na Januari 12, 2021 ikazizuia faili hizo zisicheze humo. Leo nyingi zinafunguka kwa msaada wa Ruffle, programu iliyoandikwa na watu wa kujitolea. Kwa hiyo kila katuni naiwekea folda moja kwenye diski ya nje: PNG zote, sauti za WAV kila moja peke yake, na faili la maandishi lenye mistari mitatu, yaani kasi ya fremu, toleo la Krita, na amri ya ffmpeg niliyotumia.